Wadjda na Baiskeli Niliyomnyima Dada

Nimeanza kuchoshwa na kumbukumbu za utotoni. Kila mwandishi wa rika langu akishapita miaka 30 anakumbuka maembe ya kuiba, mto wa kuoga kwa kificho, na baiskeli yake ya kwanza. Sijitoi. Nimeandika mbili za aina hiyo, watu wakasoma, wakacheka, wakanitumia ujumbe kwamba nimewarudisha mbali. Hakuna aliyeniuliza, wala sikujiuliza mwenyewe, kwa nini dada yangu anatokea mara moja tu katika zote mbili, na mara hiyo moja amebeba ndoo.

Aliyeniharibia starehe hiyo ni Haifaa al-Mansour, mwongozaji wa filamu ya Wadjda. Filamu ni ya mwaka 2012, kwa hiyo si habari mpya, lakini mimi nimeifikia kwa kuchelewa. Ni filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudi Arabia, wakati nchi yenyewe ilikuwa imefunga kumbi za sinema. Zilikuja kufunguliwa tena 2018. Kwenye baadhi ya mitaa ya Riyadh mwongozaji hakuweza kusimama hadharani akiwaamrisha wanaume, kwa hiyo alijificha ndani ya gari na kuongoza kwa redio ya mkononi. Habari hii huandikwa karibu kila mahali filamu inapotajwa, na ni kweli inavutia, ila nadhani imewafanya watu waisifie ushujaa wake na kusahau kuitazama yenyewe.

Tuitazame basi. Wadjda ni binti wa miaka kumi hivi, anavaa raba chini ya baibui. Siku moja anaona baiskeli ya kijani na kuanzia hapo hana amani. Bei yake ni riyali 800. Mama hataki hata kusikia, eti msichana akiendesha baiskeli hatazaa. Basi binti anaingia kwenye biashara: anasuka bangili za rangi za timu za mpira na kuziuza shuleni, anapeleka barua za siri na kudai malipo kwa aliyetuma na kwa aliyetumiwa. Mwishowe anajiandikisha kwenye mashindano ya kusoma Qur'ani, kwa sababu zawadi ni pesa taslimu. Huyu si mtoto mwema. Ni mtundu, anadanganya huku anakutazama usoni, na al-Mansour hamwombei msamaha hata mara moja. Waad Mohammed, aliyeigiza nafasi hiyo, ana namna ya kukaza mdomo anapopiga hesabu kichwani ambayo sijaiona kwa waigizaji wengi wazima.

Hapo ndipo nilipoanza kujihisi vibaya. Mtaani kwetu Morogoro, utundu ulikuwa mali ya wavulana. Mimi nikichomoa sarafu kwenye kopo la maandazi la mama ili nikodi baiskeli kwa fundi, shilingi 50 mzunguko mmoja, nilichapwa, kisha jioni baba anawasimulia wageni huku anacheka: huyu mwanangu mtundu sana. Dada akichelewa kisimani kwa robo saa, neno lililotumika halikuwa mtundu. Lilikuwa neno jingine, na hakuna mgeni aliyechekeshwa nalo.

Mwaka 1999 baba alirudi safari na baiskeli ndogo, nyekundu, ya mtumba. Ile ya matairi manene, tuliyoiita bi-emu-eksi hata kama haikuwa. Kengele hakuna, breki hakuna. Breki ilikuwa kandambili yangu ya kulia, niliyoibana kwenye tairi la nyuma mpaka ikaliwa kisigino. Kabla ya hapo nilikuwa najaribu Phoenix ya mjomba, mguu mmoja nimeupenyeza chini ya bomba la fremu, mwili wote umepinda kama mtu anayechungulia uvunguni. Kwa hiyo siku ile nilikuwa mfalme.

Dada ana mwaka mmoja na nusu zaidi yangu. Aliitaka ile baiskeli kuliko nilivyoitaka mimi, na nililijua hilo, nikaligeuza mradi. Mzunguko mmoja kwa sare yangu ya shule, imefuliwa na kupigwa pasi. Mizunguko miwili, aniandikie na hesabu. Tulifanya saa nane mchana, mama akiwa sokoni, nyuma ya nyumba kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Siku ya tatu au ya nne alianguka. Goti lilichanika, damu ikashuka mpaka kwenye soksi, na mama akatokea kabla hatujaifuta.

Kwenye filamu kuna tukio hilihili. Wadjda anajifunza kuendesha juu ya paa, kwa baiskeli ya Abdullah, rafiki yake wa mtaani. Mama anatokea ghafla, binti anaanguka, anasema anatoka damu. Mama anaziba macho yake na kuuliza, kwa hofu tupu, kama ni bikira imetoka. Binti anamshangaa: ni goti. Ukumbini watu wangecheka, na tukio limetengenezwa lichekeshe. Mimi nilisimamisha filamu. Mama yangu siku ile hakuangalia goti. Alimshika dada mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango, nikasikia anamuuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi, "Umeumia wapi? Wapi?" Nilikuwa na miaka kumi, nikaona swali la ajabu, maana damu ilikuwa inaonekana. Alipotoka aliniuliza mimi: nani kampa baiskeli?

Nikasema kaiichukua mwenyewe. Kaiiba.

Nilichokuwa nimeandika kwenye daftari langu, nilipoitazama filamu mara ya kwanza, ni kwamba Abdullah ni mwema kupita kiasi na kwa hiyo si mtu wa kweli. Nimeifuta sentensi hiyo. Abdullah anaanza kwa kumchokoza Wadjda njiani na kumpora kitambaa chake. Baadaye anamletea baiskeli yake, ila ameifunga vimagurudumu vya watoto pembeni. Yule binti analia kwa kudhalilishwa, naye anampa riyali tano anyamaze. Binti anazichukua, bila shaka. Kijana huyu ni mwenzetu kabisa. Tofauti ni kwamba anavifungua vile vimagurudumu.

Bado nina ugomvi na filamu. Mwalimu mkuu, Bi Hussa, amejengwa kama ukuta. Karibu kila akitokea ni kukataza, na ule uvumi wa mwizi aliyeruka uzio wake usiku ungeweza kutufungulia mwanamke mzima, lakini unaachwa uwe silaha ya binti katika majibizano. Na mwisho ni mtamu kidogo kuliko ninavyoamini. Wadjda anashinda, anatamka hadharani kwamba atanunua baiskeli, na Bi Hussa anaamua pesa zipelekwe Palestina badala yake. Ukiishia hapo una filamu kali sana. De Sica, katika Ladri di biciclette ya 1948, angemwacha hapo, kama alivyomwacha baba na mtoto wake katikati ya umati wa Roma bila baiskeli. Al-Mansour anamrudisha nyumbani, na mama, ambaye usiku uleule mumewe anaoa mke mwingine, amekata nywele zake na kununua baiskeli kwa pesa alizokuwa amewekea gauni jekundu.

Sijui. Huenda ni mimi nisiyeweza kuukubali mwisho huo, kwa kuwa kwetu baiskeli iliuzwa mwezi uliofuata na dada hakuwahi kujifunza. Sasa hivi anapanda bodaboda, anakaa upande.

Mwaka huu alikuja kunitembelea nikamwekea filamu bila kumwambia kitu. Woga tu. Lilipofika tukio la paa alicheka, kisha akaniambia nisimamishe akatazame wali. Alikaa jikoni muda mrefu kuliko wali unavyohitaji. Aliporudi akasema, "Haya, endelea," tukaendelea mpaka binti anafika barabara kuu, anashika breki, anatazama kushoto na kulia.

Akaniuliza riyali 800 ni shilingi ngapi. Nikampigia hesabu.

"Ghali," akasema. "Yako ilikuwa mtumba." Kisha, akikusanya vikombe: "Lakini yule Abdullah ana roho nzuri, eti?"

Nikamwambia ndiyo, dada.