Roki, Beni na Njia ya Ziwani

Wapenzi wa muziki wa roki hupenda kuutafutia siku ya kuzaliwa. Wengi huitaja Julai 1954, mjini Memphis, Elvis Presley aliporekodi "That's All Right". Lakini wimbo huo ni wa Arthur Crudup, Mmarekani mweusi aliyeurekodi mwaka 1946, akafariki mwaka 1974 bila kupata malipo aliyostahili. Kabla ya Elvis alikuwapo pia Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa nyimbo za kanisani, ambaye gitaa lake lilikwisha kuvuma katika miaka ya 1940. Na Chuck Berry alipotoa "Maybellene" mwaka 1955, aliujenga juu ya wimbo wa kale wa wapiga fidla, "Ida Red". Kila aitwaye baba, ukimchunguza, naye ana baba yake.

Jambo hili hudhihirika zaidi ukilitazama kutoka Kyela, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Sisi wa pwani twaijua beni: ilianza katika miji yetu miaka ya 1890, vijana wakiiga bendi za kijeshi za wakoloni, tarumbeta kwa gwaride. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha jinsi askari wa Vita Kuu ya Kwanza walivyoieneza bara. Vita vyenyewe vilifika huko: Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, palipiganwa Septemba 1914. Pande za ziwa hilo beni ikazaa mganda na malipenga. Tarumbeta za shaba zikawa vibuyu, gwaride likabaki, maneno yakawa ya wenyeji. Atakayesema malipenga si ngoma ya ziwani kwa kuwa chimbuko lake ni pwani, na aseme pia kwamba beni si ya pwani kwa kuwa chimbuko lake ni kambi za Wazungu.

Njia haikukoma hapo. Hadi uhuru, Wanyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu Lupa na Afrika Kusini, na shaba Rhodesia ya Kaskazini. Huko kusini ndiko ilikozaliwa kwela, muziki wa filimbi za bati. Nchini Malawi, Daniel na Donald Kachamba waliupiga kwa gitaa, filimbi na besi ya uzi mmoja. Nashil Pichen na Peter Tsotsi wakatoka Rhodesia ya Kaskazini hadi Nairobi, ambako pamoja na Daudi Kabaka waliisemesha twisti Kiswahili. "Helule Helule" ya Kabaka ikavuka bahari: bendi ya Tremeloes ya Uingereza iliirekodi mwaka 1968.

Kwa mshairi, siri iko katika umbo. Katika bluzi, iliyoizaa roki, mshororo husemwa, hurudiwa, kisha wa tatu huujibu. Sikio lililolelewa na kibwagizo halioni ugeni hapo. Umbo ni chombo. Sifa ya mtunzi ni shehena. Berry alipakia humo magari, shule na mapenzi ya ujanani, kwa vina visivyolegea. Ndiyo maana amri ya Novemba 1969, iliyopiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, ilikosea swali. Iliuliza muziki umetoka wapi, isiulize unasema nini. Mwacha asili ni mtumwa, tuliambiwa. Wahenga hao hao walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Crudup alidhulumiwa malipo, lakini jina lake liliandikwa kwenye sahani ya santuri. Kijana wa Matema au Ipinda aliyerudi kutoka migodini na miaka 20 mwaka 1960, leo amepita 80. Wahakiki wetu waache kugombania asili, wakawaulize wazee hao walisikia nini, walipiga nini, na waliimba maneno gani. Waandike na majina yao, maana deni la kumbukumbu hudaiwa walio hai.