Hongera kwa Fundi Asiyeiamini Mita

Katika mafundi wote wastahilio sifa, sidhani kama yuko aliyepunjwa heshima yake kuliko fundi wa pikipiki aitwaye na mnunuzi, kwa ujira usiotosha hata chakula cha mchana, aje kutoa hukumu kama kilomita chache zionekanazo katika mita ya chombo kilichokwisha kutumika ni za kweli ama ni hila ya dalali. Mita yenyewe haitazami kwanza, maana ajua kwamba ile iendeshwayo kwa waya utokao gurudumu la mbele hunyamaza mara waya ufunguliwapo, na chombo kikaendelea kusafiri miezi bila ya kuandikiwa hata kilomita moja. Huinama akaikagua spoketi ya nyuma: meno yaliyochongoka na kulalia upande mmoja ni shahidi asiyehongeka, na ikiwa spoketi ni mpya juu ya pikipiki isemwayo kuwa imekwenda kilomita 4,000 tu, shaka yake huzidi, kwani ni nani abadilishaye kisichochakaa? Kisha hupapasa mipira ya kukanyagia, akapitisha ukucha ukingoni mwa sahani ya breki, akasoma ubavuni mwa tairi zile tarakimu nne, ambazo zikiwa 2319, basi tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Dalali, wakati huo, huzidisha maneno.

Lakini niipendayo zaidi ni insafu yake: akiona rangi imepauka kwa jua na mipira imekauka, ilhali meno ya spoketi ni mazima, hunena waziwazi kwamba chombo kilikaa tu wala hakikutumika, hata kama mnunuzi aliyemwita alitumai kupata sababu ya kushusha bei.