Chai Isiyomwagika: Safari ya Kwanza ya SGR kutoka Kibwezi

Abiria anayepanda Madaraka Express, treni ya abiria ya reli ya kisasa (SGR), kwa mara ya kwanza pale Kibwezi husifu jambo moja kabla ya mengine yote: treni haitikisiki. Ametoka Kitui alfajiri kwa matatu, akapita Mutomo na Ikutha, na kando yake ana mfuko wa ndengu anazompelekea dada aliyeolewa Changamwe. Akishaketi anaagiza chai, anaiweka mezani, na macho hayabanduki kwenye kikombe. Haimwagiki. Sifa zote huwaendea wahudumu wenye sare nadhifu. Mimi ningezipeleka chini, kwenye tuta la reli.

Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa na upana wa mita moja na iliufuata mwili wa ardhi. Penye kilima ilizunguka, penye bonde iliinama. Hii mpya, iliyozinduliwa 31 Mei 2017, ina upana wa milimita 1,435, na wajenzi wake hawakubembeleza ardhi: kilima walikikata, bonde wakalijaza udongo au kulirukia kwa daraja. Kona zikawa pana, miteremko ikalainika, na treni ya abiria ikaweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Vyuma vyenyewe vimechomelewa vikawa uzi mmoja mrefu juu ya mataruma ya zege. Ule mdundo wa magurudumu yakigonga viungio, uliowalaza na kuwaamsha abiria wa treni ya usiku, umetoweka.

Utulivu huo umelipiwa. Tuta limeinuka mno hata Makueni unaitazama kwa juu, kama mtu aliye kwenye sitaha ya meli: mibuyu, mabati yanayometa, mbuzi wadogo kama punje. Hakuna mtoto wa kumpungia mkono wala mama wa kukuuzia maembe dirishani. Treni ya zamani ilichelewa na kuchosha, lakini ilikuwa na vitanda na behewa la chakula cha jioni. Ukitaka likizo ndani ya chombo chenyewe, ile ndiyo ilikuwa likizo. Hii inakufikisha tu, na inakufikisha vizuri.

Daraja la kawaida lina viti 118 kwa behewa, vitatu upande huu na viwili upande ule, vikitazamana. Magoti lazima yaelewane. Kufika Mtito Andei mmeshaulizana mnatoka wapi, na karanga zimezunguka meza.

Kisha, ndani ya Tsavo, treni inapunguza mwendo na kusimama. Hakuna mji wala jukwaa la abiria.

“Imeharibika?” anauliza mgeni wetu.

“Hapana, mwaitu. Tunapisha mwenzetu.”

Hapa ndipo penye ufundi ambao abiria wengi hawaujui. Njia kuu ni moja tu kwa takriban kilomita 472 kati ya Nairobi na Mombasa. Treni ya kaunti, ile inayosimama vituo vya katikati, huondoka kila upande saa mbili asubuhi, kwa hiyo lazima zikutane katikati, na katikati penyewe ni maeneo hayo. Ndiyo maana kuna vituo vingi visivyopakia mtu, vyenye njia ya pembeni ya kupishania. Mmoja anaingia pembeni na kungoja, mwingine anapita, ishara inabadilika, safari inaendelea. Treni za mizigo nazo zinatumia njia hiyo hiyo, hivyo mmoja akichelewa huwachelewesha wenzake. Ukali wa muda unaowakera waliofika mlango ukishafungwa unaanzia huku.

Ratiba hiyo hiyo ndiyo inayowapunja watu wa Ukambani. Kati ya vituo saba vya abiria vya katikati, vitatu viko Makueni: Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Kitui haina hata kimoja. Lakini hata hapo Kibwezi, treni ya haraka ya alasiri na ile ya usiku hupita bila kusimama. Kwa hiyo anayepandia Kibwezi ana treni moja tu ya kwenda pwani kwa siku, kabla ya saa tano asubuhi, na moja ya kumrudisha, karibu na adhuhuri. Matatu ya Mutomo ikichelewa kujaza abiria, kilichobaki ni kupanda basi barabarani, ambako chai hunywewa basi likishasimama.