Mikimbio 52, wiketi 9: jinsi Mumbai walivyoipindua fainali ya Delhi

Ukisoma matokeo peke yake, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Twenty20 ya mwaka 2013 inaonekana ilikuwa ya upande mmoja. Mumbai Indians walipata mikimbio 202 kwa wiketi 6, Rajasthan Royals wakatolewa wote kwa 169, na kombe likaenda Mumbai kwa tofauti ya mikimbio 33. Matokeo hayo yanaficha jambo moja. Ova ya 11 ya zamu yao ilipokuwa ikimalizika, Rajasthan walikuwa na mikimbio 117 kwa wiketi 1 tu, na wiketi 9 zilizobaki zikaanguka kwa mikimbio 52. Anguko hilo ndilo tunalolichambua leo.

Mashindano haya yalianzishwa na bodi za kriketi za India, Australia na Afrika Kusini ili kukutanisha vilabu na timu za majimbo kutoka nchi mbalimbali. Yalichezwa mara 6, kuanzia 2009 hadi 2014, kisha yakafutwa Julai 2015. Fainali tunayoizungumzia ilipigwa Oktoba 6, 2013, katika uwanja wa Feroz Shah Kotla, Delhi. Macho ya wengi yalikuwa kwa Sachin Tendulkar wa Mumbai na Rahul Dravid, nahodha wa Rajasthan, kwa sababu wote wawili walikuwa wanaiaga kriketi ya ova chache. Tendulkar alipata mikimbio 15, Dravid 1. Mechi iliamuliwa na watu wengine.

Tuanze na hizo 202. Hakuna mchezaji wa Mumbai aliyefikisha 50. Aliyeongoza ni Dwayne Smith kwa 44, naye alicheza taratibu. Kasi ililetwa na wawili: nahodha Rohit Sharma, mikimbio 33 kwa mipira 14, na Glenn Maxwell, 37 kwa mipira 14. Ukijumlisha, ni mikimbio 70 kwa mipira 28. Huo ndio mpango wa Mumbai kwa ufupi: walioanza walilinda wiketi, waliofuata wakapewa ruhusa ya kupiga bila woga kwa kuwa nyuma yao bado kulikuwa na watu.

Rajasthan walikuwa na dawa moja tu, Pravin Tambe. Mzee huyu wa miaka 41, mrushaji wa legi-spini ambaye hadi mwaka huo hakuwa amewahi kucheza kriketi ya ngazi ya juu, alimaliza mashindano akiwa kinara wa wiketi, 12 kwa jumla. Katika fainali alirusha ova zake 4 kwa mikimbio 19 na kuchukua wiketi 2. Ova 16 zilizobaki ziliwapa Mumbai mikimbio 183, yaani zaidi ya 11 kwa kila ova. Mrushaji mmoja hawezi kuziba pengo la namna hiyo.

Hata hivyo, Rajasthan waliijibu hesabu hiyo vizuri. Walimpoteza Kusal Perera mapema, wakiwa na mikimbio 8 tu ubaoni. Kisha Ajinkya Rahane na kijana Sanju Samson wakajenga ushirikiano wa mikimbio 109. Samson alifika 60 kwa mipira 33. Kufikia hapo walihitaji mikimbio 86 katika ova 9 hivi. Ni kasi ya takriban 9.6 kwa ova, chini ya kasi ambayo wao wenyewe walikuwa wakiipiga. Nahodha yeyote angeipokea hali hiyo kwa mikono miwili.

Ndipo Pragyan Ojha wa Mumbai, mrushaji wa spini ya mkono wa kushoto, akamtoa Samson, na hapo mechi ikaanza kubadilika kimyakimya. Mashabiki wengi huhesabu wiketi kama mtu mmoja aliyepungua, lakini katika ova 20 gharama yake kubwa ni mipira. Anayeingia anahitaji muda wa kuusoma mpira. Tuseme wapigaji wawili wapya wanatumia mipira 4 kila mmoja na kupata mikimbio 2 kila mmoja. Mikimbio 86 kwa mipira 54 inageuka kuwa 82 kwa mipira 46, na kasi inayotakiwa inapanda kutoka 9.6 hadi 10.7 bila mrushaji kufanya maajabu yoyote. Anayefuata anaingia akiwa na deni, anapiga kabla hajatulia, naye anatoka.

Harbhajan Singh, mrushaji mwingine wa spini wa Mumbai, aliujua mchezo huo. Ndiye aliyekuwa nahodha Mumbai walipotwaa taji hili mara ya kwanza mwaka 2011, na safari hii Rohit alimwekea akiba ya ova kwa ajili ya mwisho, wakati ambao manahodha wengi hukimbilia warushaji wa kasi. Mantiki yake ni rahisi. Mpira wa kasi humsaidia mpigaji, kwani akiugusa tu unakwenda mbali. Mpira wa polepole unamlazimu atoe nguvu zake mwenyewe, na baada ya ova 6 za mwanzo sheria inaruhusu wachezaji 5 kusimama karibu na kamba kusubiri kosa. Harbhajan alianza kwa kumtoa Shane Watson. Katika ova ya 17 akawatoa watatu: Rahane aliyekuwa na 65, Stuart Binny na Kevon Cooper. Alimaliza na wiketi 4 kwa mikimbio 32. Kieron Pollard akafagia mkia kwa wiketi 3, na kazi ikaisha ova ya 19 ikiwa bado na mpira mmoja.

Je, Dravid alikosea kujishusha katika orodha ya wapigaji na kuwatanguliza wapigaji wa nguvu? Kwa kasi ya karibu mikimbio 10 kwa ova, uamuzi wake ulikuwa na sababu. Lakini Samson alipotoka, Rajasthan hawakuhitaji mtu wa kupiga sita kila mpira. Walihitaji mtu wa kumpa Rahane mkimbio mmoja mmoja kwa ova mbili, joto lipoe, kisha mashambulizi yaendelee. Mtu aliyeijua kazi hiyo kuliko wote alikuwa bado kibandani.

Kwa nahodha wa klabu anayefukuza alama nyingi, funzo la Delhi ni hili: panga mapema nani ataingia ushirikiano mkubwa ukivunjika, na mchague kwa uwezo wake wa kutulia. Mumbai walilitwaa taji kwa kuwa walikuwa na mpango wa ova za 12 hadi 17. Rajasthan hawakuwa nao.