Jaji Alisema Handel Hakuandika Hivyo

Karatasi yenyewe imekunjwa mara nne na ina doa la chai pembeni. Niliikuta Desemba iliyopita ndani ya kitabu cha kemia cha kidato cha nne, nyumbani Othaya, nikitafuta cheti cha kuzaliwa. Juu kuna namba ya kundi, jina langu, jina la shule na alama: 81. Chini kuna mistari minne ya mwandiko wa haraka. Wa kwanza unasema nina sauti nzuri lakini napumua katikati ya neno. Wa pili, nachanganya “r” na “l”. Wa tatu, nakimbiza wimbo. Wa nne umepigiwa mstari mara mbili: nimeongeza mapambo ambayo mtunzi hakuyaandika.

Nilikuwa wa tisa kati ya kumi na wanne. Fainali ya kitaifa, solo ya teno, upande wa muziki wa Kizungu. Mashindano siyataji, jaji pia simtaji, na wala si kisasi. Nataka tu kumjibu. Miaka saba imepita na nimegundua kwamba karatasi hii ndiyo uhakiki pekee ambao mtu amewahi kuandika kuhusu kuimba kwangu. Na si mimi tu. Hesabu Wakenya wote uliosoma nao ambao walishawahi kuvaa sare iliyopigwa pasi mara tatu, wakapanda basi la shule usiku wa manane, wakaenda kuimbia watu watatu waliokaa nyuma ya meza. Siku hizi tunahakiki kila kitu, vitabu, filamu, hata chapati za kibanda fulani huko TikTok. Ila kuimba kwa mtu wa kawaida kunahakikiwa mara moja maishani, kwa mistari minne, na ukitaka kuujibu unaambiwa uamuzi wa jaji ni wa mwisho.

Basi acha nijibu.

Wimbo wenyewe ulikuwa “Where'er You Walk”, wa Handel, kutoka Semele, iliyoimbwa mara ya kwanza London mwaka 1744. Anayeimba ni Jupiter, mkubwa wa miungu ya Warumi. Amemchukua msichana anayeitwa Semele, amemweka mahali pa raha, na msichana ameanza kunung'unika. Kwa hiyo mungu anabembeleza: popote utakapopita kutakuwa na upepo mwanana, utakapokaa miti itasogea ikufanyie kivuli. Ukisikiliza bila kujua hadithi, ni wimbo mtamu wa bustani. Ukijua hadithi, unasikia mtu mwenye nguvu kupita kiasi akijaribu kuongea kwa sauti ndogo. Mbele kidogo Semele anaomba kumwona katika sura yake halisi, na anaungua hadi majivu.

Hakuna aliyetueleza hayo. Mwalimu alitupa nakala ya solfa, zile d r m f, nasi tukaanza kazi. Si lawama, alikuwa na kwaya nzima, ngoma, mashairi na watu wa taarabu wa kuandaa, na kibodi moja ya kuazima kanisani. Solfa yenyewe ni muujiza ambao hatuusemi vya kutosha. Mfumo ulioanzishwa na mwalimu mmoja Mwingereza, Sarah Glover, katika mji wa Norwich, ukasambazwa na John Curwen karne ya 19, wamisionari wakaubeba, na leo kijana wa kijiji cha Chinga anaweza kusoma sauti nne za Handel bila kuwahi kugusa piano. Mimi niliujifunza wimbo huo nikitembea kati ya majani chai, na miti niliyoiona kichwani ilikuwa migrevilia ya jirani. Ilisogea, lakini polepole.

Sasa, mapambo. Wimbo huu una umbo ambalo Waitaliano huliita da capo: unaimba sehemu ya kwanza, unaimba ya pili ambayo ni fupi, halafu unarudi mwanzoni na kuimba ya kwanza tena. Kwenye karatasi marudio hayaandikwi upya. Unaambiwa tu urudi. Enzi za Handel, hapo ndipo mwimbaji alipolipwa mshahara wake. Ilitarajiwa kwamba ukirudi, hurudi vilevile. Unapamba, unatikisa noti, unaijaza nafasi, na watu waliolipa kiingilio walikuwa wanasubiri wasikie utafanya nini. Handel hakuandika mapambo hayo kwa sababu hiyo haikuwa kazi yake. Kwa hiyo ukiniambia “mtunzi hakuandika hivyo”, umesema kweli, ila hukumu umeikosea.

Nilichofanya mimi ni hiki. Kwenye marudio, pale miti inapokusanyika, niliacha noti ipande kwa kuteleza badala ya kuruka, ikafika juu, ikatetemeka kidogo, halafu ikashuka ikiwa imelegea, kama mtu anayekaa chini baada ya kucheza. Haikuwa bahati mbaya. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi wiki mbili. Mwalimu alikuwa ameniambia niiache, nami nikamwambia ndiyo mwalimu.

Sisemi Handel angeipenda. John Beard, teno aliyemwimbia Jupiter mara ya kwanza, hakika hakuteleza namna hiyo. Mteremko ule haukutoka London, ulitoka kwa guka.

Guka wangu ni mtu wa mwomboko. Wasee wa Nairobi mnaijua ile ngoma ya wazee wa makoti wanaoletwa sherehe za kitaifa, hatua mbili na kuinama. Ninachotaka mkumbuke ni ilikotoka. Wakikuyu waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na wengine waliorudi kutoka vitani, waliwaona Wazungu wakicheza dansi za wawili wawili. Wakachukua kodiani, wakachukua ule mzunguko wa waltz, wakaongeza karing'aring'a, lile duara la chuma linalogongwa, wakaongeza na maneno yao ya kusengenya na kuonya. Kufikia miaka ya 1940 ilikuwa imeshakuwa ngoma yao. Hawakuomba silabasi. Hakuna aliyeketi nyuma ya meza kuwaambia kwamba waltz haiinami hivyo.

Na hapa ndipo mashindano yetu yananichanganya. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 likiwa jambo la walowezi, na leo lina kila mtu, kuanzia watoto wa chekechea hadi vyuo vikuu. Ni kitu kikubwa, na silipigi mawe. Lakini muziki umegawanywa kwa kuta: huku wimbo wa Kizungu, kule wimbo wa kiasili, pale taarabu. Mwomboko unaingia mlango wa asili, ingawa kifua chake ni kodiani ya Ulaya. Mimi niliingia mlango wa Kizungu, na nilipobeba kitu kidogo kutoka mlango wa pili nikaandikiwa kwa kalamu nyekundu. Guka angefanya hivyo mwaka 1947 angeitwa mbunifu.

Fikiria pia Missa Luba. Mwaka 1958, Kamina, katika Katanga, padre Mbelgiji Guido Haazen na kikundi cha waimbaji walitengeneza misa ya Kilatini kwa mtindo wa kwao, na sehemu kubwa ilizaliwa kwa kubuni palepale, watu wakiimba na kujibizana. Baadaye ikaandikwa. Kwaya zikaipokea duniani kote, na hapa kwetu Muungano National Choir ya Boniface Mganga ikairekodi, rekodi ambayo bado ni tamu hadi leo. Ila sasa kwaya ikiipeleka mashindanoni, ile kilio ambayo mtu fulani alijitungia Kamina siku hiyo imekuwa noti ya lazima. Ukiikosa unakatwa alama. Ukibuni ya kwako, kama alivyofanya yeye, pia unakatwa.

Nisimwonee jaji. Nimeisikiliza fainali ile tena. Deski mwenzangu aliirekodi kwa simu, picha ni ukungu mtupu lakini sauti ipo, na kwenye mwendo jaji alikuwa sahihi kabisa, inaniuma. Nakimbia. Wimbo unataka mtu ambaye ana milele mbele yake, ni mungu jamani, na mimi naimba kama mtu ambaye matatu inamwacha. Kila mahali Handel alipoweka pumziko, nalirukia. Niliogopa ule ukimya. Ukumbi wa watu mia kadhaa, kibodi imenyamaza, unasikia viatu vya mtu mlangoni. Pumzi pia, sawa, nilikata neno katikati mara tatu. Nimehesabu.

“R” na “l” tunaweza kubishana. Kila Mkikuyu aliyesoma bweni anaujua huo mzaha na amechoka nao. Kuna mahali kweli nilibadilisha neno likawa neno lingine, na mashairi ni ya Alexander Pope, yana haki ya kusikika. Lakini Handel mwenyewe alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akapewa uraia wa Uingereza mwaka 1727, na waliomjua walisimulia jinsi Kiingereza chake kilivyobaki kizito kwa Kijerumani. Naye angekatwa alama mbili hivi.

Kitu ambacho jaji hakuandika, na ambacho kwangu ndicho kasoro kubwa, ni kwamba sikuwa na mtu wa kumwimbia. Naangalia juu ya vichwa vya watu, kama tulivyofundishwa. Lakini huu ni wimbo wa kubembeleza. Kijana aliyeshinda naye alifanya vivyo hivyo, na sauti yake ilikuwa pana na safi kuliko yangu, hilo halina ubishi. Aliimba marudio noti kwa noti kama alivyoimba mwanzo, kwa ukubwa uleule, kama shati la Jumapili lililopigwa pasi pande zote mbili. Aliyenikaa moyoni ni wa sita au wa saba, mvulana mfupi ambaye aliporudi mwanzoni alipunguza sauti hadi ukumbi ukainama kumsikia. Hakuongeza noti hata moja. Aliimba tu kana kwamba sasa anaogopa kusikika chumba cha pili. Hakuingia tatu bora.

Hilo, kwa njia, ndilo jambo ninaloutetea wimbo wa lazima, hata mbele ya marafiki zangu wanaouita ukoloni mtupu. Ukisikia wimbo mmoja mara kumi na nne mchana mmoja, wimbo unatoweka. Kufikia wa tano husikii tena Handel, unasikia watu: huyu ana kiburi, huyu ana njaa, huyu kaambiwa atabasamu. Sijawahi kupata darasa la kusikiliza zuri kuliko benchi lile la nyuma. Ningetamani tu kwamba baada ya kumi na wanne kuimba, tungeruhusiwa kuongea. Jaji aseme, mwalimu wa mvulana mfupi aseme, na sisi.

Kwingine hugombana waziwazi. Mwaka 1980, Warsaw, kwenye mashindano ya piano ya Chopin, Ivo Pogorelich wa Yugoslavia alizuiwa kuingia fainali, na Martha Argerich, ambaye alikuwa jaji, akajiuzulu kwa hasira. Ushindi ukaenda kwa Dang Thai Son wa Vietnam, mpiga piano mzuri tu. Lakini watu walibishana, na hadi leo wanabishana, na kwa sababu hiyo watu wengi wamezisikiliza rekodi zile kwa masikio mawili. Sisi tulipewa cheti na soda.

Mimi baada ya pale nilinyamaza. Siwezi kusema ni mstari mmoja wa kalamu ulioninyamazisha, maisha hayaendi hivyo. Nilienda chuo kikuu, kwaya ya chuo ikatangaza majaribio, nikapita kando ya mlango mara mbili. Mwaka wa pili karo ikaisha, nami nikarudi. Siku hizi naandikia watu mitandaoni na kunakili mahojiano kwa malipo ya dakika. Lakini kila niliposikia mtu akiimba marudio, kichwani nilisikia ile sentensi: hakuandika hivyo.

Krismasi nilimwekea guka ile rekodi. Ananiita wakini, maana nimebeba jina lake. Alisikiliza simu ikiwa sikioni, macho amefumba, chai inapoa.

“Wakini, huyu anaimba kama mtu aliyebeba chai ya mgeni,” akasema. “Anaogopa kumwaga.”

Ikafika pale kwenye marudio. Akafumbua jicho moja. “Hapo amemwaga kidogo.” Nikangoja aseme ni vizuri. Hakusema. Aliuliza mbona wimbo wa mapenzi hauchezeki, na kama huyo mzungu alikuwa na mke. Nikamwambia hakuoa. Akasema ndiyo maana.

Binamu yangu mdogo yuko kidato cha pili na amepewa solo mwaka huu. Si Handel, ila umbo ni lilelile, unarudi mwanzoni. Kwenye nakala yake ya solfa mwalimu ameandika kwa penseli: usiongeze kitu. Aliniletea Jumapili baada ya kanisa, tukakaa kwenye benchi nje ya duka. Tumejaribu mapambo matatu mpaka sasa. La kwanza linamkata pumzi. La pili ni baya, hata mwenye duka amecheka. La tatu anarudi nalo Jumamosi.