Aliyeifuta sura ya nne ni mimi

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui. Sura tatu za kwanza zilikuwa za kawaida. Ya nne ndiyo iliyonifanya nivue miwani. Alitaka kwenda kwenye shamba moja la maua, awasomee vibarua tamthilia hiyo, kisha awaulize: Lanina, yule mwanamke anayewaongoza wafanyakazi dhidi ya Delamon mwenye shamba, wanamwonaje leo?

Nikamwambia, “Mwanangu, ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji.” Nikamweleza kuwa mwenye shamba lile ana marafiki wakubwa, kwamba kibali cha utafiti huenda kikachelewa na ufadhili wake ukaingia matatani. Akanitazama, akasema, “Sawa, Profesa,” kwa adabu ile inayouma kuliko tusi. Sura ya nne ikageuka kuwa uchanganuzi wa tashbihi.

Wajua kilichonikera baadaye? Hakuna aliyekuwa amenipigia simu. Si mkuu wa idara, si polisi, si mwenye shamba. Niliifuta mwenyewe, bure bilashi.

Tunapozungumzia uhuru wa kitaaluma katika vyuo vya umma, tumezoea kumtafuta mtu mwenye pingu. Ni kweli pingu zilikuwapo. Ngugi wa Thiong’o alikuwa akifunza Chuo Kikuu cha Nairobi alipokamatwa mwishoni mwa 1977. Alizuiliwa Kamiti karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake. Mazrui naye alikuwa mhadhiri Kenyatta, enzi hizo kikiwa chuo kishiriki cha Nairobi, alipotiwa kizuizini 1982, mwaka mmoja tu baada ya Kilio cha Haki kuchapishwa. Wenzao walifungwa, wengine, akiwamo Micere Mugo, wakaikimbia nchi. Chama cha wahadhiri kilikuwa kimepigwa marufuku 1980, na UASU haikupata usajili hadi 2003. Rais wa nchi ndiye aliyekuwa chansela wa kila chuo cha umma.

Leo hali si ile. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi waziwazi. Mipaka yake pia imetajwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Sijaona mahali panaposema kwamba tajiri asiudhike.

Mbona basi tunaogopa? Nimelifikiria neno tunalotumia, msimamizi. Kwenye shamba la chai au la mkonge, msimamizi ni yule anayesimama juu ya vibarua na kuhesabu vichwa. Chuoni tumempa jina hilohilo mtu anayemwongoza mtafiti. Silaumu neno, kwani lugha haina kosa. Ila siku ile nilikuwa msimamizi wa aina ya kwanza. Nilihakikisha kibarua wangu havuki mpaka wa shamba, nami sikuwa hata nimetumwa.

Kuna jambo jingine linalonyamazisha watu vyuoni, nalo halivai sare. Ni mkataba wa muhula mmoja. Mhadhiri wa muda anayedai malipo ya miezi mingi, ambaye hajui kama Septemba atapewa darasa, atamkosoa nani? Wahadhiri walipogoma kwa wiki saba mwaka 2025 wakidai malimbikizo, niliwasikia watu wakisema kwamba huo ni ugomvi wa pesa, ati mambo ya uhuru ni mengine. Mimi sioni zinavyotenganishwa. Mtu anayemnyenyekea mkuu wa idara ili apate masomo mawili ya kufunza hahitaji kupelekwa Kamiti ndipo anyamaze.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wapo wenzetu wanaouita uhuru wa kitaaluma ule wa kukosa kuingia darasani, wa kusoma madokezo yaleyale miaka ishirini, wa kukalia tasnifu za watu mpaka ziote ukungu. Wasomi waliokutana Kampala mwaka 1990 walilifikiria hilo. Azimio lao liliunganisha uhuru wa wasomi na wajibu wao kwa jamii tangu kwenye anwani. Lakini dawa ya mhadhiri mzembe ni kumwajibisha kwa uzembe wake. Kumziba mdomo yule anayefanya kazi hakumponyi mzembe.

Nasi wa Kiswahili tujikague zaidi. Tumejaza maktaba kwa tasnifu za tamathali na vipengele vya fani, nyingine nzuri sana, na mimi mwenyewe nimezisimamia nyingi. Fani ni kichaka kizuri cha kujificha. Waandishi tunaowachambua waliwekwa ndani kwa sababu ya maudhui, nasi tunawahesabia sitiari.

Tasnifu ya mwanafunzi wangu ilipita. Ukurasa wa shukrani unanitaja kwa “mwongozo wa busara”. Juzi niliitoa rafuni, nikaisoma tena sura ya nne. Tashbihi zote zimo, zimepangwa kwenye jedwali, na hakuna kibarua hata mmoja aliyeulizwa neno.