Pongezi kwa Mafundi wa Picha za Kundi
Miongoni mwa kazi zinazostahili heshima katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki ni ile ya mpiga picha wa studio, ambaye kwa miongo mingi amehifadhi sura za familia, wanafunzi na maharusi. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza huko Unguja mwaka 1930 na baadaye kuendelezwa na mwanawe, Rohit Oza, ni mfano bora wa uaminifu huo.

Ugumu wa kazi hii hudhihirika zaidi katika picha ya kundi. Fundi huwapanga watu kwa safu, watoto wakiwa mbele, wazee wakiketi katikati kwa heshima yao, na kila uso ukipewa nafasi. Kisha huweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu na kupunguza tundu la lenzi, yaani mlango wa kuingizia mwanga, hadi kiwango cha f/8 hivi, ili safu ya nyuma ionekane wazi sawa na ya mbele. Kwa kuwa hakosekani mwenye kupepesa macho, hupiga picha kadhaa mfululizo.

Uhariri nao, yaani urekebishaji wa picha iliyokwisha kupigwa, uliofanywa zamani katika chumba cha giza na leo kwa kompyuta, hudai kiasi: mwanga husawazishwa, lakini rangi ya ngozi na mikunjo ya uzee huachwa, kwani ndiyo inayomtambulisha mtu. Mafundi hawa wapongezwe kwa dhati, kwa sababu pasipo subira yao wajukuu wengi wasingezijua sura za babu na bibi zao.